Mchapa Nota wa Nangara na Folda Iliyofichika

Kila anayeimba kwaya katika vigango vya Babati amewahi kushika karatasi iliyochapwa na Sosthenes Amnaay. Pengine hakujua, kwa sababu jina la mchapaji huandikwa chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo, mahali ambapo kidole gumba cha mwimbaji hukaa. Lakini Sosthenes alijua. Siku ya Jumapili, akiwa amesimama kwenye safu ya sauti ya nne, ile ya besi, aliweza kutazama karatasi iliyo mkononi mwa mtu wa mbali na kutambua, kwa jinsi mistari ilivyopangwa, kwamba ilitoka dukani kwake.

Duka lake ni steshenari ndogo pale Nangara. Anatoa fotokopi, anachapa barua za maombi ya kazi na ratiba za mazishi, anauza madaftari na kalamu. Hizo ni kazi za kujipatia riziki. Kazi anayoipenda ni kuchapa nota. Mwalimu wa kwaya humletea wimbo ulioandikwa kwa penseli, wakati mwingine nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, naye huuingiza kwenye kompyuta sauti baada ya sauti mpaka karatasi itoke safi, kiitikio juu na mashairi chini. Kwa muda mrefu hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyefanya kazi hiyo. Walimu wa kwaya walimfuata kutoka Bagara, Bonga na Dareda, wakaketi kwenye benchi lake kusubiri zamu, na wakati wa kuelekea Pasaka benchi halikutosha.

Kisha Romani akarudi kutoka Arusha.

Romani ni kijana wa Bonga. Kabla hajaondoka alikuwa mmoja wa watu wa lile benchi. Alikuja jioni baada ya mazoezi, akatazama jinsi Sosthenes anavyopanga nota, akauliza maswali, na Sosthenes alimjibu kwa furaha kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyependa kuuliza. Huko Arusha alipata kazi kwenye duka la uchapaji. Aliporudi alifungua chumba chake cha uchapaji Bonga, kando ya barabara ya Dodoma, na ndani ya chumba hicho akaweka kompyuta ya Mac. Muda si mrefu kigango cha Bonga kikampa kwaya aifundishe.

Mimi naimba sauti ya pili katika kwaya ya Nangara, kwa hiyo mwanzo wa mambo haya niliuona kwa macho yangu. Mengine nimesimuliwa na Mama Noela, mke wa Sosthenes, ambaye jina lake ni Gaudiosa na ambaye husimama karibu nami katika safu ya sauti ya kwanza.

Tulianza kuona karatasi mpya zikizunguka mjini. Zilikuwa nzuri, sina namna nyingine ya kusema. Maneno ya mashairi yalikaa chini ya nota zake bila kugongana, hata pale ambapo shairi la tatu lina maneno mengi kuliko nafasi. Watu wakaanza kusema "nota za Romani" kama vile watu wanavyotaja aina ya kitenge. Mtu alimwambia Sosthenes machoni pake, bila nia mbaya, kwamba nota za Romani hazichoshi macho. Sosthenes alijibu kwamba ni vizuri.

Lakini Jumapili hiyo hakuimba. Alishika karatasi ya Romani, akaifuata mstari kwa mstari kwa ukucha, akitafuta kosa. Hakuliona. Jumapili iliyofuata alilipata: kituo kimoja kilichokosekana mwishoni mwa shairi la pili. Mama Noela anasema siku ile mume wake alikula chakula cha mchana kwa furaha ambayo hakuwa ameiona tangu Noela aanze kidato cha kwanza, na habari ya kile kituo aliisikia wakati wa kula, wakati wa kuosha vyombo, na tena walipokuwa wanafungia kuku bandani.

Akiwa na safari ya Bonga, Sosthenes alipita upande wa pili wa barabara ili asionekane anatazama chumba cha Romani, kisha akatazama. Aliona benchi. Aliona walimu wawili aliowafahamu wameketi juu yake. Nyuma yao, juu ya meza, palikuwa na ile laptop ya rangi ya fedha yenye tunda lililomegwa mgongoni. Alirudi nyumbani akasema siri ya Romani ni ile mashine. Kompyuta yake mwenyewe, kubwa, ya Windows, yenye kelele ya feni, ndiyo iliyokuwa inamrudisha nyuma.

"Hiyo Mac inaandika do tofauti na hii yako?" Mama Noela akamuuliza.

"Wewe huwezi kuelewa," akasema, huku akiyatazama magunia ya mbaazi walizovuna.

"Sawa. Ila mbaazi ni zangu pia."

Mbaazi za msimu ule ziliuzwa. Kompyuta kubwa nayo ikauzwa kwa mwalimu mmoja wa Dareda, na Sosthenes akapanda basi kwenda Arusha, akarudi na Mac iliyotumika. Aliiweka dukani mahali ambapo mtu anayepita nje angeona lile tunda. Betri yake ilikuwa imechoka, haikushika chaji, lakini kwa kuwa ilikaa mezani ikiwa kwenye umeme muda wote, hakuona kwamba hilo ni tatizo.

Hapa inabidi nieleze jambo moja la kompyuta, kwa sababu bila hilo hadithi haiendi. Programu ya nota, kama programu nyingine nyingi, ina folda yake ambayo mtumiaji wa kawaida haioni. Ndani ya folda hiyo huweka mipangilio yake, na humo pia hudondosha nakala za dharura za kazi inayoendelea, ili umeme ukikatika kisipotee kila kitu. Watengenezaji huificha makusudi, watu wasije wakafuta vitu wasivyovijua. Kwenye Windows, Sosthenes alijua njia ya kufika kwenye folda hiyo kama unavyojua njia ya kwenda shambani kwako. Watu wengi wa mjini walikuwa wamekuja kwake na kazi zilizopotea, naye aliingia humo, akatoka nazo, akawarudishia. Hilo lilikuwa fahari yake ya pili baada ya nota.

Kwenye Mac, folda hiyo hakuiona. Alikuwa amebeba kwenye flashi faili la mpangilio wa kurasa zake, lile lililofanya karatasi zake zitambulike kwa mbali, lakini hakupata pa kuliweka ili programu ilione. Likabaki limekaa kwenye uso wa kompyuta bila kazi, na kurasa zake zikawa zinatoka na sura ya kawaida inayokuja na programu. Hakumwambia mtu. Alisema bado anaizoea mashine.

Wakati huohuo alikuwa anatunga wimbo.

Tamasha la kwaya la dekania, linalokutanisha parokia za jirani, lilikuwa linakaribia, na kwa mara ya kwanza mwalimu wetu wa kwaya, Katarina, alimwomba Sosthenes atunge wimbo wa Nangara. Maisha yake yote alikuwa amechapa nyimbo za wengine. Sasa jina lake lingekuwa juu ya ukurasa pamoja na chini. Na katika tamasha hilohilo kwaya ya Bonga ingeimba wimbo wa Romani. Sosthenes hakuwahi kulitaja hilo mbele yetu. Mama Noela anasema nyumbani hakutaja jambo lingine.

Kwetu wimbo wa tamasha hutunzwa kwa siri. Tunafanya mazoezi madirisha yamefungwa, karatasi zinakusanywa baada ya mazoezi, na mtu mwenye shemeji katika kwaya nyingine hutazamwa kwa jicho la pembeni hadi tamasha lipite. Pia wimbo hautajwi kwa jina kabla ya siku ambayo kwaya yote imeuimba na kuukubali. Jina hutoka kwenye maneno ya kiitikio, na likivuja, wenzetu watajua tunaelekea wapi. Wengine huichukulia desturi hiyo kama mzaha. Sosthenes aliifuata kama ilivyo. Programu ilipomuuliza faili liitwe nani, aliliondoa swali. Hakutaka hata kuandika jina la uongo. Wimbo ukakaa wazi kwenye kioo wiki baada ya wiki, hauna jina, naye akifunga duka alifunika tu kifuniko cha laptop na kuacha waya kwenye umeme. Aliuingiza nota moja moja katikati ya wateja, akisikiliza kwa spika za masikioni, bila kuandika chochote kwenye karatasi. Kwenye kompyuta yake ya zamani aliishi hivyohivyo, akijua kwamba likitokea la kutokea ataingia kwenye ile folda.

Mchana mmoja mvua ilishuka kutoka mlima Kwaraa, umeme ukakatika mji mzima, na Mac ikazima palepale kama taa.

Umeme uliporudi, programu ilimuuliza kama anataka kurudishiwa kazi aliyoiacha. Kwenye Windows swali hilo siku zote lilimletea ukurasa mtupu, kwa hiyo alikuwa na mazoea ya kulikataa haraka na kwenda kuchukua nakala yake mwenyewe. Akalikataa. Kisha akakumbuka yuko kwenye mashine gani.

Alitafuta. Alifungua kila folda aliyoiona: ya picha, ya muziki, ya vitu vilivyopakuliwa. Aliandika maneno kwenye sehemu ya kutafutia, lakini unatafutaje kitu ambacho umekataa kukipa jina? Alijua nakala imo humo ndani. Mashine ilikuwa imeishika na haikutaka kumwonyesha. Alikumbuka vizuri sauti ya kwanza, na ya nne ambayo aliitunga kwa koo lake mwenyewe. Lakini sauti ya pili na ya tatu, zile alizozipata kwa kujaribu na kufuta hadi zikapendeza, zilikuwa zimepotea kichwani. Kuzitafuta upya kungekula wiki nyingine nyingi.

Katarina alipita dukani keshoye. Ni mwanamke mtaratibu, hapendi kelele, na ndiyo maana tunamwogopa.

"Mwalimu, Jumamosi tunaanza wimbo," akasema, maana wengi humwita Sosthenes hivyo kwa heshima.

Sosthenes akasema kuna marekebisho kidogo.

"Marekebisho ni sawa. Ila kama Jumamosi wimbo haupo, tutachukua ule wa shukrani tulioimba mwaka jana. Watu wanaujua, na karatasi zake zipo, safi."

Karatasi zake zilikuwa za Romani. Katarina hakuliwaza hilo, nina hakika. Aliaga akaenda zake, na Sosthenes akabaki amesimama na stepla mkononi. Aliona wazi itakavyokuwa: Nangara itapanda mbele ya dekania nzima bila wimbo wake, na chini ya kila kidole gumba cha mwanakwaya wake litakuwepo jina la Romani.

Alipiga simu kwa yule aliyemuuzia Arusha, simu haikupokelewa. Aliuliza vijana wawili wanaotengeneza simu karibu na stendi, wakamwambia kwa uaminifu kwamba mashine hiyo hawajawahi kuigusa. Mjini kote, mtu aliyejulikana kuifahamu Mac alikuwa mmoja.

Mama Noela ndiye aliyelisema wakati wanapukuchua mahindi uani.

"Nenda Bonga," akasema.

"Nimpelekee wimbo wetu autazame?"

"Usimpelekee wimbo. Mpelekee swali."

"Atajua."

"Ajue. Kwani wewe unaogopa ajue wimbo, au ajue kwamba hujui?"

Sosthenes akashika hindi lingine. Aliendelea kupukuchua, akitupa punje hadi nje ya turubai, na kuku wakamshukuru. Kesho yake asubuhi alivaa shati la Jumapili, akaiacha Mac, aliyokuwa ameitoa dukani, nyumbani imefungwa kwenye kanga ya mke wake, akachukua bodaboda kwenda Bonga. Njiani alitunga uongo wake.

Romani alikuwa peke yake. Aliinuka, akamwamkia shikamoo, akafuta benchi kwa mkono ingawa halikuwa na vumbi. Wakaulizana habari za nyumbani na za mvua. Sosthenes alitazama chumba. Kilikuwa kidogo kuliko chake, jambo lililompa nafuu, lakini meza ilikuwa nadhifu, na ukutani palikuwa na karatasi za nyimbo zimebandikwa kwa mstari ulionyooka. Nafuu ikaisha. Kisha akasema kuna mtu anamfahamu, yuko Magugu, amehama kutoka Windows kwenda Mac, na hapati folda ya programu ambamo nakala za dharura huwekwa. Huyo mtu amemwomba amuulizie.

Romani alimsikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Huyo mtu wa Magugu," akasema, "anachapa nota?"

"Kidogo."

"Anaimba sauti ya nne?"

Sosthenes akatazama barabarani. Lori lilikuwa linapanda kuelekea Kondoa.

"Nauliza tu," Romani akasema, "maana watu wa sauti ya nne wana haraka. Mashine ikiwauliza kitu, wanakataa kabla ya kusoma." Hakucheka. Aliivuta laptop yake katikati ya meza. "Mwambie asijione mjinga, mwalimu. Mimi nilivyohama niliitafuta hiyo folda mpaka nikadhani nimeuziwa mashine mbovu. Nilitaka kukupigia simu wewe."

"Mimi ningejua nini? Mimi nilikuwa kwenye Windows."

"Ndiyo hivyo. Lakini wewe ndiye mtu niliyemjua anayejua folda zinakofichwa."

Sosthenes alimwambia mke wake kwamba maneno hayo yalimchoma zaidi kuliko kama angetukanwa. Aliyasikia kama mtu anayepewa kiti kwa sababu amezeeka.

Romani akamwonyesha. Juu ya kioo kuna neno Go. Ukilibonyeza hivihivi, linakuletea orodha ya mahali pa kwenda, na ile folda haimo. Lakini ukilibonyeza huku umeshikilia kitufe cha Option, linajitokeza katikati ya orodha jina ambalo halikuwepo: Library. Romani aliinua kidole kwenye kitufe, jina likatoweka. Akabonyeza tena, likarudi.

"Ipo siku zote," akasema. "Inataka tu uishike mkono."

Sosthenes alijaribu mwenyewe. Jina likatokea, likatoweka, likatokea. Alihisi hasira ya ajabu kwa kitu chepesi kiasi kile. Akaingia ndani. Romani akamwelekeza kwenye folda iliyoandikwa Application Support, humo kila programu ina chumba chake, na humo wakakifungua chumba cha programu ya nota. Hapo Romani akaruka, akachukua kitabu cha nyimbo kilichokuwa mezani na kukibandika juu ya kioo.

"Samahani, mwalimu. Hapo kuna nakala za kwetu za dekania."

"Sikuona kitu," Sosthenes akasema, na ni kweli hakuwahi kuona, ingawa alijitahidi.

Kitabu kilikuwa kifupi kuliko kioo. Chini yake, palipo na mafaili ya mpangilio wa kurasa, ulibaki mstari mmoja nje. Ulisomeka: Kurasa za Mwalimu Sosthenes.

Wote wawili waliuona kwa wakati mmoja. Romani aliondoa macho, akaanza kukusanya kalamu ambazo hazikuwa zimetawanyika.

"Hilo nimelitoa wapi?" Sosthenes akauliza, kisha akajisahihisha. "Umelitoa wapi?"

"Ulinipa. Siku ninaondoka kwenda Arusha. Uliniwekea kwenye flashi, ukasema nisiende kuwaaibisha watu wa Babati."

Sosthenes hakukumbuka siku hiyo. Alikumbuka kijana, na flashi nyingi, na benchi.

"Na ndizo unazochapia?"

"Sina nyingine. Huko Arusha nilijaribu zangu, zikawa mbaya. Kila nikipanga, naona ungepangaje wewe, nakasirika, narudi kwenye zako." Romani akazipanga kalamu mstari mmoja. "Nilirekebisha tu pale chini, kwenye nafasi ya mashairi. Shairi la tatu lilikuwa linagongana."

Pale chini. Kwa miaka yote Sosthenes alikuwa anahangaika na pale chini. Alikuwa amejaribu kupunguza herufi, kupanua mistari, hata kuwashauri watunzi wafupishe shairi la tatu. Kwa hiyo nota za Romani zilikuwa nota zake, ambazo kwa kutafuta makosa hakuwa amezitambua, na sehemu pekee ambayo haikuwa yake ndiyo ile iliyomshinda. Alimwambia Mama Noela baadaye kwamba mpaka saa ile alikuwa hajajua kwamba mtu anaweza kuonea wivu kurasa zake mwenyewe.

Romani alimwekea faili hilo kwenye flashi bila kuombwa. "La huyo mtu wa Magugu," akasema. Sosthenes akaipokea, akashukuru, na wakasindikizana hadi barabarani kama inavyotakiwa.

Nyumbani aliifungua kanga, akawasha Mac, akashikilia kile kitufe. Library ikatokea. Alipita vyumba vile kwa kasi, na katika chumba cha nakala za dharura lilikuwepo faili moja lisilo na jina, lenye tarakimu tu. Alilifungua. Mama Noela alikuwa jikoni na alisikia kwa spika sauti ya pili na ya tatu zikipishana mahali ambapo baadaye sisi tungezipenda zaidi. Mwisho kulikosekana mistari michache ya kiitikio. Aliiandika upya kabla ya ugali kuiva, na safari hii programu ilipomuuliza jina, aliandika "Wimbo". Nadhani hapo desturi haikuvunjika.

Alikuwa amebakiza kuchapa, akaileta mashine ya kuchapia kutoka dukani. Sasa alijua mahali pa kuweka mpangilio wa kurasa, na alikuwa nayo miwili: wake wa zamani aliokuja nao kwenye flashi, na ule aliorudishiwa. Aliweka yote. Akachapa ukurasa wa kwanza kwa mmoja, akauchapa tena kwa mwingine, akakunja chini penye jina ili zisitambulike, akaziweka karatasi zote mbili mbele ya mke wake mezani.

"Ungeimbia ipi?" akamuuliza.

Mama Noela alikausha mikono. Aliimba shairi la tatu kwa sauti ndogo kwenye karatasi ya kushoto, akasita katikati, akarudi nyuma kutafuta neno. Aliimba kwenye ya kulia hadi mwisho bila kusita. Akaweka kidole kwenye ya kulia.

"Una hakika?"

"Umeniuliza nitaimbia ipi. Hujaniuliza unapenda nijibu ipi."

Alikaa akiitazama ile ya kushoto. Angeweza kuichapa hiyo. Hakuna ambaye angelalamika, karatasi zile tuliziimbia miaka yote, na wimbo ungekuwa wake kuanzia juu hadi chini. Mama Noela anasema alikwenda hata akaweka karatasi nyeupe kwenye mashine, akazitoa, akazipanga kingo, akazirudisha. Kisha akachapa za kulia, nakala za kwaya yote.

Jumamosi tulifunga madirisha. Katarina akagawa karatasi. Juu ya ukurasa, penye mahali pa mtunzi, palikuwa na jina la Sosthenes Amnaay, na chini jina lilelile tena kwa herufi ndogo. Mahali pa jina la wimbo palikuwa patupu. Yeye alikuwa amesimama kwenye safu yake, mikono nyuma, akitusubiri tuone.

Tuliona. Minong'ono ilipita kutoka safu ya kwanza hadi ya nne. Adrian, anayesimama upande wake wa kulia na ambaye hawezi kukaa bila neno, aliiinua karatasi kuelekea taa kama mtu anayekagua noti.

"Mwalimu," akasema, "naona siku hizi unasoma Bonga. Hizi si nota za Romani kabisa?"

Watu wakacheka. Mtu mwingine akasema ni vizuri, amekubali kujifunza, wazee wengi hawataki. Nilimwona Mama Noela pembeni yangu amefungua mdomo, kisha akaufunga na kumtazama mume wake. Shingo ya Sosthenes ilikuwa imevimba kwenye kola. Ingemchukua sentensi moja kutueleza karatasi za Romani zilitoka wapi. Lakini sentensi hiyo ingeleta swali la pili, kwamba kama kurasa ni zako, mbona siku zote shairi la tatu lilikuwa linagongana?

"Nilikwenda," akasema. "Mara moja. Shikeni mwanzo."

Yeye ndiye anayetupa sauti ya kuanzia, kwa kuwa hatuna kinanda siku za mazoezi. Akaitoa. Ilikuwa juu mno, juu kiasi kwamba sauti ya kwanza walitazamana na sisi wa sauti ya pili tukameza mate. Katarina aliinua mkono kabla hatujaanza. Alimtazama tu na kusubiri. Sosthenes alikohoa, akaangalia karatasi, akaangalia pale chini penye mashairi, akaitoa tena, chini kidogo. Tukaanza.